Visomaji vya Milisho: Nyenzo ya Kujiendeleza kwa Walimu na Watumishi wa Afya

Utangulizi

Kila kopo la dawa lililomo katika stoo ya hospitali limeandikwa tarehe ya mwisho wa matumizi. Maarifa ya mtu anayeitoa dawa hiyo hayana tarehe yoyote iliyoandikwa, ingawa nayo huchakaa. Daktari, tabibu au muuguzi mkunga hukabidhiwa cheti siku ya mahafali, na tangu siku hiyo jukumu la kujua kipi kimebadilika katika taaluma yake huwa mikononi mwake mwenyewe. Kwa mkufunzi wa chuo cha afya jukumu hilo ni zito zaidi, kwa kuwa kosa lililomo katika maelezo yake ya darasani huenda na wanafunzi wake hadi katika zahanati watakazopangiwa.

Mfano ulio karibu na wasomaji wa Afrika Mashariki ni utafiti unaojulikana kwa jina la FEAST, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011 katika jarida la New England Journal of Medicine. Kwa muda mrefu ilifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu aongezewe kiasi kikubwa cha maji kwa haraka kupitia mshipa. Katika kundi kuu la utafiti huo, lenye watoto 3,141, vifo ndani ya saa 48 vilikuwa asilimia 10.6 kwa waliopewa albumini kwa haraka na asilimia 10.5 kwa waliopewa maji ya chumvi kwa haraka, lakini asilimia 7.3 tu kwa wale ambao hawakuharakishiwa maji hayo. Watoto waliopungukiwa maji kutokana na kuharisha hawakuhusishwa, na matibabu yao hayahukumiwi kwa matokeo hayo. Hata hivyo, kwa watoto waliohusika, jambo lililofundishwa kwa nia njema lilionekana kuwa na madhara.

Mtumishi aliyehitimu kabla ya mwaka huo angeyajuaje mabadiliko hayo? Ugumu wa kuyajua hautokani na uhaba wa machapisho. Mwaka 2010 Hilda Bastian, Paul Glasziou na Iain Chalmers walionesha katika jarida la PLoS Medicine kwamba ripoti za majaribio ya tiba zipatazo 75 na mapitio ya kina yapatayo 11 yalikuwa yakichapishwa kila siku. Hakuna binadamu awezaye kuyasoma yote. Njia iliyobaki ni kuchagua vyanzo vichache vinavyoaminika, kisha kuhakikisha kwamba kila jipya litokalo humo linamfikia msomaji bila kumtaka alitafute. Makala hii inaeleza nyenzo moja rahisi iliyobuniwa kwa kazi hiyo, nayo ni kisomaji cha milisho.

Kisomaji cha milisho ni nini?

Fikiria mkuu wa idara ambaye kila asubuhi hulazimika kuzunguka mbao zote za matangazo za hospitali, kutoka wodi ya wazazi hadi maabara, ili aone kama kuna tangazo jipya. Siku nyingi hukuta matangazo yale yale. Baada ya muda huchoka, huacha kuzunguka, na tangazo muhimu hubandikwa na kubanduliwa pasipo yeye kuliona. Sasa fikiria idara hiyo imepata tarishi mwaminifu. Tarishi huzunguka mbao zote, hunakili matangazo mapya tu, na kuyaweka mezani pa mkuu kwa mpangilio wa tarehe. Kisomaji cha milisho ni tarishi huyo, na mbao za matangazo ni tovuti za majarida, blogu za walimu na kurasa za taasisi za afya.

Utendaji wake si mgumu kuuelewa. Tovuti nyingi, pamoja na kurasa zinazoonekana kwa macho ya msomaji, hutunza faili moja dogo la maandishi lililopangwa kwa namna ambayo kompyuta huweza kulisoma. Ndani ya faili hilo mna orodha ya machapisho ya karibuni: kichwa cha habari, tarehe, muhtasari na anwani ya mahali makala yenyewe ilipo. Faili hilo ndilo mlisho. Chapisho jipya linapotoka, orodha hubadilika. Kisomaji, ambacho ni programu iliyomo katika simu janja au kompyuta, huyatembelea mafaili hayo kila baada ya muda, hulinganisha na kilichokuwapo awali, na kumwonesha msomaji kilichoongezeka.

Utaratibu huu ulianza mwaka 1999 katika kampuni ya Netscape ya Marekani, na umeenea duniani kwa jina la herufi tatu, RSS. Toleo linalotumika zaidi lilitoka mwaka 2002. Mwaka 2005 ulikamilishwa utaratibu mwingine unaofanana nao, uitwao Atom. Msomaji hana haja ya kuzitofautisha aina hizo mbili, kwa kuwa visomaji vya leo husoma zote. Hata yule asiyewahi kulisikia jina la RSS huenda anaitumia tayari: vipindi vya sauti ambavyo watu husikiliza kwenye simu, vile vijulikanavyo kama podikasti, vimekuwa vikisambazwa kwa njia ya milisho tangu vilipoanza.

Tofauti yake na mitandao ya kijamii

Watumishi wengi wa afya hupata habari za taaluma kupitia makundi ya WhatsApp na kurasa za mitandao ya kijamii. Njia hizo zina manufaa yake, hasa pale swali la haraka linapohitaji jibu la mwenzako aliye mbali. Lakini zina kasoro tatu ambazo kisomaji cha milisho hakinazo.

Kwanza, katika mitandao mingi ya kijamii mpangilio wa habari huamuliwa na kompyuta za kampuni husika, nazo huelekea kupendelea kile kinachomfanya mtu aendelee kutazama. Mwongozo mpya wa tiba ya kifafa cha mimba hauwezi kushindana na picha ya harusi wala na mabishano ya mpira. Kisomaji cha milisho huonesha kila kilichotoka katika vyanzo ulivyovichagua, kwa mfuatano wa tarehe.

Pili, ujumbe unaosambazwa katika makundi mara nyingi hufika ukiwa umekatwa chanzo chake. Haijulikani nani aliuandika, lini, wala kwa ushahidi gani. Kichwa cha habari katika mlisho hubeba tarehe na kiungo kinachorudi moja kwa moja kwa mchapishaji.

Tatu ni gharama. Milisho ni maandishi, na maandishi hutumia kiasi kidogo cha bando yakilinganishwa na video. Visomaji kadhaa huweza kupakua makala wakati kuna intaneti na kuziacha zisomwe baadaye bila mtandao. Kwa tabibu aliye katika kituo ambacho mawimbi ya simu hupatikana kwa shida, uwezo huo si anasa. Anaweza kupakua akiwa mjini siku ya kikao cha wilaya, na akasoma wiki nzima.

Milisho katika historia ya masomo ya mtandaoni

Uhusiano wa milisho na elimu ni wa tangu zamani. Mwaka 2008 Stephen Downes na George Siemens waliendesha kozi kupitia Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada kuhusu nadharia ya ujifunzaji kwa njia ya mitandao. Wanafunzi wapatao 25 walijiandikisha rasmi na kulipa ada. Wengine wapatao 2,200 waliifuata bila malipo. Ni katika kuizungumzia kozi hiyo ndipo Dave Cormier alipobuni jina la MOOC, ambalo leo hutumika kwa kozi huria za mtandaoni zinazopokea maelfu ya wanafunzi.

Kozi hiyo haikuwa na ukumbi mmoja ambamo kila mshiriki alilazimika kuingia. Washiriki waliandika tafakuri zao katika blogu zao wenyewe, popote walipokuwa. Programu iliyotungwa na Downes ilizikusanya tafakuri hizo kupitia milisho na kuzituma kwa wote katika jarida fupi la kila siku. Kwa maneno mengine, milisho ndiyo iliyokuwa kuta za darasa. Kozi nyingi za mtandaoni zilizofuata zilichukua sura tofauti, ya video na majaribio ndani ya jukwaa moja la kampuni au chuo. Hata hivyo funzo la mwaka 2008 halijapitwa na wakati: mtu mzima anayejifunza huku akifanya kazi anahitaji zaidi mtiririko mdogo wa kila siku kuliko rundo kubwa la mara moja kwa mwaka.

Kwa watumishi wa afya hoja hiyo ina uzito wa pekee. Semina ya siku tatu katika ukumbi wa hoteli huacha shajara na cheti, lakini kumbukumbu zake hufifia upesi pasipo mazoezi ya kuzirudia. Kisomaji cha milisho hakiwezi kuwa mbadala wa semina wala wa mafunzo ya vitendo wodini. Hukaa katikati ya semina moja na nyingine, na kuzuia pengo lisiwe refu.

Vyanzo vinavyofaa kufuatiliwa

Nyenzo hii hutoa manufaa kulingana na ubora wa vyanzo vilivyowekwa ndani yake. Vyanzo vya mwalimu au mtumishi wa afya vinaweza kupangwa katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni la tafiti. Hifadhidata ya PubMed, inayotunzwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, humruhusu mtu yeyote kugeuza swali lake la utafutaji kuwa mlisho, bila malipo. Mkufunzi wa wakunga anaweza kutafuta maneno ya Kiingereza yenye maana ya kutokwa na damu baada ya kujifungua pamoja na jina Tanzania, kisha akapata mlisho utakaomletea kila utafiti mpya unaohusu mambo hayo mawili kwa pamoja. Swali liwe finyu. Neno malaria peke yake litaleta mafuriko ya makala, na kisomaji kitaachwa ndani ya wiki moja.

Kundi la pili ni la majarida yasiyolipiwa. BMC Medical Education huchapisha tafiti kuhusu namna wanataaluma wa afya wanavyofundishwa na kupimwa, na The Lancet Global Health huchapisha tafiti za afya duniani. Yote mawili husomwa bure. Kwa majarida yanayolipiwa, taasisi za nchi zenye kipato cha chini zina mlango wa HINARI, mpango ulioanzishwa chini ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 na ambao sasa ni sehemu ya Research4Life. Mlisho hueleza kwamba makala imetoka, na mkutubi wa chuo husaidia kuipata.

Kundi la tatu ni la blogu za elimu na za masomo ya mtandaoni. Stephen Downes aliyetajwa hapo juu huandika jarida fupi liitwalo OLDaily, linalodondoa mambo mapya ya ufundishaji wa kidijitali. Tony Bates, naye wa Kanada, ameandika kwa miaka mingi kuhusu elimu ya masafa, na kitabu chake Teaching in a Digital Age hupatikana bure. The Learning Scientists, wanasaikolojia wa ujifunzaji, hueleza kwa lugha nyepesi matokeo ya tafiti kuhusu kumbukumbu, kwa mfano kwamba mwanafunzi anayejipima mwenyewe hukumbuka zaidi kuliko anayerudia kusoma daftari lile lile. Kwa upande wa tiba ya dharura kuna Life in the Fast Lane ya Australia, St Emlyn's ya Uingereza na Academic Life in Emergency Medicine ya Marekani. Hizi ni miongoni mwa sauti za vuguvugu la elimu huria ya tiba, lililopewa jina lake mjini Dublin mwaka 2012.

Kundi la nne ni la habari kwa Kiswahili. Idhaa ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa hutoa milisho ya habari zake, zikiwamo za afya. Habari hizo haziwi na undani wa kitaalamu, lakini humsaidia mtumishi kupata maneno ya Kiswahili ya kuelezea mambo mapya kwa wagonjwa na kwa jamii. Faida hiyo si ndogo kwa mtu aliyesomea taaluma yake kwa Kiingereza na kuifanya kwa Kiswahili.

Namna ya kuanza

Hatua ya kwanza ni kuchagua kisomaji. Feedly na Inoreader hutumika kupitia kivinjari au simu, na kila kimoja kina ngazi isiyolipiwa yenye mipaka yake. Mwenye simu ya Android anaweza kutumia Feeder, na mwenye kifaa cha Apple anaweza kutumia NetNewsWire. Vyote viwili ni vya bure. Anayefanya kazi zaidi kwenye kompyuta anaweza kutumia Thunderbird, programu ya barua pepe ambayo husoma milisho pia.

Hatua ya pili ni kuongeza vyanzo. Katika visomaji vingi inatosha kubandika anwani ya tovuti, na programu yenyewe hutafuta mlisho uliko. Isipofanikiwa, msomaji atafute katika tovuti hiyo alama ndogo ya rangi ya chungwa yenye nukta na mistari miwili iliyopinda, au herufi RSS. Kwa PubMed, msomaji huandika swali lake, hubonyeza kitufe chenye herufi hizo kilicho chini ya kisanduku cha kutafutia, huchagua idadi ya makala, kisha hunakili anwani anayopewa na kuibandika katika kisomaji. Tovuti zilizojengwa kwa WordPress, ambazo ni nyingi mno, kwa kawaida huwa na mlisho hata kama mwenye tovuti hajui.

Hatua ya tatu ni kupanga vyanzo katika mafungu. Mpangilio unaofaa kwa wengi ni wa mafungu matatu: ya kusoma kila siku, ya kusoma mwisho wa juma, na ya kupitia pindi nafasi inapopatikana. Fungu la kwanza liwe dogo kuliko yote.

Hatua ya nne husahaulika mara kwa mara, nayo ni kutunza nakala ya orodha. Visomaji vingi huweza kutoa orodha nzima ya vyanzo katika faili moja la aina ya OPML, linaloweza kuhamishiwa katika kisomaji kingine. Umuhimu wake ulionekana mwaka 2013. Kampuni ya Google ilitangaza mwezi Machi kwamba ingefunga Google Reader, kisomaji kilichokuwa kikitumiwa na watu wengi, na ilikifunga tarehe 1 Julai. Waliochukua orodha zao walihamia kwingine siku hiyo hiyo. Programu ni chombo cha kampuni, lakini orodha ya vyanzo ni mali ya msomaji, na inapaswa kutunzwa kama mali.

Nidhamu ya muda

Tatizo linalowashinda wengi si kuanza, bali kuzidiwa. Mtu huongeza vyanzo 60 katika siku ya kwanza, hukuta makala 900 ambazo hazijasomwa baada ya wiki mbili, na hukifunga kisomaji kwa aibu. Mshika mawili moja humponyoka, sembuse mshika sitini.

Kanuni chache husaidia. Mwanzoni vyanzo visizidi kumi. Chanzo ambacho kwa mwezi mzima hakikutoa hata makala moja iliyosomwa hadi mwisho kiondolewe bila kusitasita. Muda wa kupitia vichwa vya habari uwe maalumu na mfupi, kwa mfano dakika 15 kabla ya taarifa ya asubuhi. Katika dakika hizo kazi ni kuchambua: vichwa vingi hupitwa, vichache huwekewa alama ya kusomwa baadaye. Usomaji wenyewe huwa na muda wake mwingine.

Anayerejea kutoka likizo hana sababu ya kulipa deni la makala zote zilizorundikana. Kila kisomaji kina kitufe cha kuzihesabu zote kuwa zimesomwa, na kukibonyeza si dhambi. Jambo lililo kubwa kweli litarudi tena kupitia mwongozo, mhariri au mtafiti mwingine.

Kuhakiki kabla ya kutenda

Mlisho hufikisha habari upesi, lakini upesi si ushahidi. Tukio la mwaka 2020 linalionesha jambo hilo. Tarehe 22 Mei mwaka huo jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliodai kwamba dawa ya hydroxychloroquine iliongeza vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19. Siku chache baadaye Shirika la Afya Duniani lilisimamisha kwa muda sehemu ya jaribio lake iliyohusu dawa hiyo. Wataalamu walipohoji chanzo cha takwimu za kampuni ya Surgisphere, na takwimu hizo zikashindwa kukaguliwa na watu huru, utafiti uliondolewa rasmi tarehe 4 Juni. Msomaji aliyeipata habari ya kwanza tu alibaki na maarifa yaliyokwisha kubatilishwa.

Kwa sababu hiyo, mwenye kisomaji anapaswa kujiwekea utaratibu. Makala ya blogu ichukuliwe kuwa ni kidole kinachoelekeza kwenye ushahidi, si ushahidi wenyewe. Afungue utafiti uliotajwa, aangalie ulifanyika wapi, kwa wagonjwa wa aina gani na wangapi, na kama mazingira yake yanafanana na ya hospitali yake. Hospitali yenye chumba cha uangalizi maalumu na mashine za kusaidia kupumua si sawa na kituo cha afya chenye mtungi mmoja wa oksijeni. FEAST ilikuwa na thamani kubwa kwa sababu ilifanyika mahali ambapo matokeo yake yangetumika. Inafaa pia kufuatilia Retraction Watch, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Ivan Oransky na Adam Marcus, ambayo huripoti tafiti zinazoondolewa katika majarida.

Zaidi ya yote, tiba ya mgonjwa haibadilishwi na mtu mmoja kwa sababu ya makala aliyoisoma asubuhi. Mwongozo wa Wizara ya Afya na taratibu za hospitali hubaki kuwa msingi. Mtumishi anapokuta ushahidi unaopingana na mwongozo, mahali pa kuupeleka ni kikao cha idara, kamati ya tiba au kwa mganga mfawidhi, ukiwa na nakala ya utafiti wenyewe. Hapo ndipo usomaji wa mtu mmoja hugeuka kuwa uamuzi wa taasisi.

Kutoka kusoma hadi kufundisha

Msomaji Harold Jarche wa Kanada, anayeshughulikia ujifunzaji kazini, huigawa kazi ya kutunza maarifa katika hatua tatu: kutafuta, kuipa maana na kushirikisha. Kisomaji cha milisho hurahisisha hatua ya kwanza tu. Mbili zilizobaki ni za binadamu.

Kuipa habari maana ni kuandika kwa maneno yako mwenyewe, hata kwa mistari mitatu: utafiti umeonesha nini, unabadilisha nini katika kazi yetu, na nini hakijulikani bado. Mkufunzi anayeandika mistari hiyo kwa Kiswahili hugundua mara moja kama ameelewa au amekariri, kwa kuwa maneno ya kitaalamu ya Kiingereza huficha kutoelewa kwa urahisi.

Kushirikisha kunaweza kuanza kwa kiwango kidogo. Idara inaweza kuwapangia watumishi wake watano chanzo kimoja kila mmoja, na kila Ijumaa mmoja wao akaeleza kwa dakika kumi jambo moja alilolipata. Kwa namna hiyo watu watano husoma vyanzo vitano, na wote watano hunufaika na vyote. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakihusishwa, huondoka chuoni wakiwa na tabia ya kujiendeleza, si madaftari peke yake. Tahadhari moja ni ya lazima: mifano ya wagonjwa inayotumika katika mijadala hiyo isibebe jina, picha wala jambo lolote litakalomtambulisha mgonjwa.

Chuo nacho kinaweza kuwa chanzo. Idara inayochapisha mihutasari yake katika tovuti yenye mlisho huwafikia wahitimu wake waliotawanyika katika wilaya, bila gharama ya uchapaji wala nauli. Muuguzi aliyeko kisiwani au tabibu aliyeko mpakani hupokea neno la mwalimu wake kwa lugha anayoitumia na wagonjwa wake.

Hitimisho

Kisomaji cha milisho ni nyenzo ndogo, isiyo na fahari na isiyohitaji fedha. Haimfanyi mtu awe msomi, na haimwondolei wajibu wa kupima alichosoma. Humpunguzia kazi ya kuzunguka, ili nguvu aliyonayo baada ya zamu aitumie kusoma na kufikiri. Anayetaka kuanza leo achague kisomaji kimoja, aingize vyanzo vitano kutoka katika makundi yaliyotajwa, na ajitengee dakika 15 kwa siku kwa muda wa mwezi mmoja. Mwezi ukiisha, apunguze visivyomfaa na amweleze mwenzake mmoja jambo moja alilojifunza. Mtoto atakayeletwa wodini usiku mwenye homa kali hatauliza aliyempokea alihitimu mwaka gani, lakini usalama wake utategemea kama aliyempokea aliendelea kujifunza baada ya mwaka huo.